Korongo taji na mkoko: Wakazi wawili wa majimaji

MSAFIRI anayevuka mpaka Busia au Malaba hulakiwa na bendera ya Uganda, ambayo katikati yake amechorwa korongo taji akiwa ameinua mguu mmoja. Ndege mwenyewe haulizwi paspoti. Hutafuta chakula na kutaga katika ardhioevu za Mto Sio, ambazo zimegawanywa na mpaka wa nchi hizo mbili.

Malori mengi yanayopanga foleni Malaba huwa yametoka Mombasa. Huko, kandokando ya hori ya Tudor, humea mkoko, mti unaofanana na korongo kuliko mtu anavyodhani.

Wote wawili huishi mahali ambapo si nchi kavu wala si maji matupu. Korongo husimama kwa miguu mirefu. Mkoko husimama kwa mizizi iliyopinda juu ya tope, ambayo huuwezesha kupata hewa.

Hata hivyo, zipo tofauti. Mkoko huvumilia maji ya bahari kwa kuwa mizizi yake huchuja chumvi, ilhali korongo taji hutegemea vinamasi vya maji baridi na mbuga za nyasi. Mbegu ya mkoko huota ingali juu ya mti, kisha huanguka topeni au kuchukuliwa na maji. Korongo hujenga kiota kati ya matete na mafunjo, kwa kawaida hutaga mayai 2 au 3, na wazazi wote wawili huyaatamia kwa muda wa takriban mwezi mmoja.

Tofauti kubwa zaidi imo katika ulinzi. Mikoko ya Kenya ilitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka wa 1932. Ingawa hukatwa kwa ajili ya boriti na kuni, mti hauhami. Anayetaka kuulinda anajua pa kuweka mlinzi. Korongo taji huruka, na tangu 2012 shirika la IUCN limemworodhesha miongoni mwa viumbe walio hatarini kutoweka. Miongoni mwa maadui wake ni kukaushwa kwa vinamasi ili kulimwa, sumu mashambani, nyaya za umeme na watu wanaokamata makinda.

Kwa hiyo, kinamasi kikihifadhiwa Busia ya Kenya na kulimwa Busia ya Uganda, au kinyume chake, ndege huyo amepoteza nusu ya makao yake. Uganda inamweka kwenye bendera. Kiota chake kinazihitaji nchi zote mbili.