Gitaa Kuukuu, Uso Mpya

Nyuzi sita za chuma huuvuta uso wa gitaa kwa nguvu ya karibu kilo 70. Uso wenyewe una unene wa milimita 3 hivi! Ukibenuka au kupasuka, fundi huilegeza gundi kwa joto, akaubandua, akabakiza mgongo na mbavu.

Ubao mpya wa uso huimarishwa kwa ndani na vijiti viwili vinavyokatana kama herufi X, mtindo uliokuzwa Marekani na fundi wa magitaa C. F. Martin miaka ya 1840.

Mbao zenyewe zipo hata Tanzania: misaiprasi ya mashamba ya miti ya Mlima Meru ni jamaa ya ile ambayo Wahispania hutengenezea migongo ya magitaa ya flamenko. Kwa daraja la nyuzi, upo mpingo wa Tanzania, mzito hata huzama majini.