Ya Chai ya Boda na Ya Chai ya Ofisi

Jumanne nilipanda boda kutoka Mabanga hadi Bungoma mjini. Jamaa aliendesha poa, hakuruka matuta kama mtu anafukuzwa, na mvua ilipoanza akanipa koti lake. Nauli ilikuwa mia. Nikampa mia na hamsini. "Hiyo hamsini ni yako, ya chai." Akacheka, "Asante, boss."

Nusu saa baadaye niko kwenye dirisha la ofisi fulani, natafuta karatasi niliyokuwa nimeshailipia. Karani akaangalia faili, akaniangalia mimi. "Kijana, leo kuna baridi. Huna hata ya chai?" Nikatoa mia mbili. Eeh, nilitoa. Najua.

Siku moja, neno moja, lakini pesa ya kwanza ilinifanya nijisikie mtu mzima, ya pili ikanifanya nijisikie fala. Nikaamua kuchimba. (Chuo niliacha, kusoma sijaacha. Mama akiona hii ajue.)

Tuanze na hongo. Leo ukilisikia hilo neno unafikiria polisi na matatu. Kumbe miaka ya 1800 hongo ilikuwa ushuru wa wazi kabisa. Misafara kutoka pwani ikipita Ugogo, katikati ya Tanzania ya leo, ilibidi imlipe kila mtemi ambaye nchi yake inakanyagwa. Burton alilipa mwaka 1857. Stanley akalipa mwaka 1871 akienda kumtafuta Livingstone. Walilipa kwa shanga, waya na nguo, hasa merikani, na nguo ilihesabiwa kwa doti, yaani yadi nne. Bei ilibishaniwa mbele ya watu, wakati mwingine siku kadhaa. Na ulipata kitu: njia, maji katika nchi kame, nafasi ya kununua chakula. Wazungu walijaza vitabu vyao malalamiko eti wanaporwa, kana kwamba bandari za kwao zilikuwa hazitozi ushuru. Thomson naye aliwatolea Wamaasai hongo mwaka 1883, kabla hajafika huku kwetu magharibi, kwa Nabongo Mumia, ambako misafara ilikuwa ikipumzika.

Hata wapagazi waliobeba hiyo mizigo walikuwa na malipo yao ya chakula, yakiitwa posho. Ndiyo hiyo posho ya posho mill unayotumwa na shosho.

Halafu wakoloni wakaja, watemi wakanyang'anywa haki ya kutoza. Nionavyo mimi, hapo ndipo hongo ilipoteza kazi yake halali, ikabaki jina la pesa unayompa chini ya meza mtu asiye na haki ya kuidai. Na sheria yetu ya 2016 inamshika anayetoa pamoja na anayepokea, kwa hivyo mimi na yule karani tuko kwa boti moja.

Bakshishi ni kitu kingine. Neno ni la Kiajemi, maana yake zawadi, na lilifika pwani kwa biashara ya Bahari ya Hindi. Zawadi inakuja baada ya kazi, na asiyetoa hanyimwi huduma. Huo mpaka ndio tulioupoteza tulipoita vyote "ya chai".

Lakini hata bakshishi ina historia chafu. Marekani, baada ya utumwa kukomeshwa mwaka 1865, kampuni ya Pullman iliajiri watu weusi waliotoka utumwani wahudumie abiria wa treni. Mshahara ulikuwa mdogo sana, abiria ndio wajazie. Wahudumu waliunda chama, na mwaka 1937 ndipo wakapata mkataba na kampuni. Hadi leo sheria ya taifa huko inaruhusu mhudumu anayepata bakshishi alipwe dola 2.13 kwa saa, kiwango cha tangu 1991.

Hiyo naijua. Niliwahi kuwa weita kwenye hoteli moja, siitaji. Tajiri alikuwa akituambia, "Mshahara ni huo, zingine mtajitafutia mezani." Tukajitafutia. Halafu wateja wakaanza kulipa kwa till, na mtu akiongeza hamsini yangu humo inaingia kwa simu ya tajiri. Sikuwahi kuiona hata moja.

Kwa hivyo mimi hufanya hivi. Bili ikiwa 850, asilimia kumi ni 85, natoa mia, kesh mkononi mwa aliyenihudumia. Kama hoteli imeshaandika gharama ya huduma kwenye risiti, namuuliza weita kwanza kama inamfikia. Kibandani, chapo na madondo za 80, naacha ile 20 ya chenji. Boda naongeza akinijali, kama yule wa koti. Kinyozi, hivyo hivyo. Ukiwa huna, sema asante na usione haya, si deni.

Ofisini, risiti ya serikali peke yake. Hiyo ya mwisho bado najifunza, maana karatasi yenyewe sijapata. Nimeambiwa nirudi Alhamisi.