Slingerland: Kampuni ya Dramu Iliyopandishwa na Staa, Ikashushwa na Staa

Wadau, lile jina linaloandikwa kwenye dramu kubwa ya mguu halikai pale kwa bahati. Ni biashara ile. Slingerland ya Chicago, Marekani, waliijua nguvu ya staa mapema sana, na staa huyohuyo ndiye ninayemwona kama mtego wao.

Mwanzo walikuwa wanatengeneza banjo. Sasa banjo ni nini kama si kingozi kilichowambwa kwenye duara? Mwishoni mwa miaka ya 1920 wakaingia kwenye dramu, na hapohapo Chicago walikuwepo wakongwe Ludwig.

Aliyewatoa ni Gene Krupa, mpiga dramu wa bendi ya Benny Goodman. Kabla yake mpiga dramu alikuwa mtu wa nyuma, kazi yake kushikilia mdundo tu. Krupa akaja na jasho, nywele zinaruka, mzuka mtupu! Mwaka 1937 wakarekodi "Sing, Sing, Sing", zaidi ya dakika 8, ikabidi ijaze pande zote mbili za santuri. Vijana wakataka dramu kama zake. Na jamaa hakuuza sura tu. Zile dramu za pembeni ngozi ya chini ilikuwa inapigiliwa misumari, yeye akataka zikazwe juu na chini, na Slingerland wakafanya. Tena Radio King yao, ile dramu ndogo yenye waya chini, mwili wake ulikuwa ubao mmoja uliokunjwa kwa mvuke.

Halafu ikaja tarehe 9 Februari 1964. Watu kama milioni 73 wanaangalia Beatles kwenye runinga, Ringo Starr yuko juu, na dramu yake imeandikwa Ludwig. Basi! Krupa bado alikuwa wa Slingerland, ila madogo wa 1964 walikuwa hawamwangalii yeye.

Mwaka 1970 familia ikauza kampuni kwa Macmillan, watu wa vitabu. Vitabu na dramu, wapi na wapi? Neil Peart wa Rush alizipiga miaka ya 1970, naye akahamia Tama ya Japani. Jina likawa linapokezwa tu: Gibson mwaka 1994, DW mwaka 2019. DW wanalichukua, dramu mpya zilikuwa hazitoki tena. Ila Radio King za zamani, bana, watu bado wanazisaka mpaka leo.