Goti Langu na Fuvu la Sokoro

Sokoro ana shimo kichwani. Tukiwa watoto tulipanga foleni kulishika: bonde laini juu ya sikio la kushoto, nywele zimeota pembeni tu. Alipigwa rungu ujanani kwa ugomvi wa mpaka wa shamba, kisha kichwa kikamuuma miezi kadhaa bila kuacha. Wazee wakamwita omobari.

Kama hujakulia Gusii, omobari ni mpasuaji wa jadi. Anakata ngozi ya kichwa, anakwangua mfupa wa fuvu polepole mpaka sehemu iliyoumia iondoke, kisha anatia dawa za mitishamba. Hakuna ganzi. Jamaa wanakushika mikono na miguu. Ufundi huu mara nyingi ulirithiwa kutoka kwa baba hadi mwana, na wagonjwa wengi walipona na kuendelea kulima. Edward Margetts, daktari Mkanada wa magonjwa ya akili aliyefanya kazi Kenya miaka ya 1950, aliuandikia majarida ya kitabibu, na baadaye madaktari wengine wakaja kuchunguza na kupiga picha. Kwa hivyo usidhani nakupigia hadithi za kijijini.

Naandika haya kwa sababu ya goti langu. Nikiwa mwaka wa pili chuo kikuu, boda niliyopanda iliteleza karibu na Kebirigo, mvua ya saa kumi ikinyesha kama kawaida ya Nyamira. Mfupa chini ya goti ukavunjika. Plasta wiki nane. Pesa ya karo ikageuka pesa ya hospitali, na chuo nikakiacha hapo. Plasta ilipotolewa nilikuta paja limekonda kama mkono wa mtoto na goti haliinami. Nikapewa kikaratasi kimeandikwa "fizio", basi. Hakuna aliyenieleza ni nini, nami nikakitia mfukoni. Miezi miwili nilitembea kama mtu aliyebeba ubao ndani ya suruali.

Nyumbani wakagawanyika. Mama alitaka nipelekwe kwa mzee mmoja wa kukanda na kuchanja. Mjomba akasema fizio ni masaji ya matajiri. Mimi nikaingia kwenye simu kusoma, na hapo ndipo historia iliponinasa.

Kumbe mjomba hakuwa wa kwanza kusema hivyo. Mwaka 1894, wauguzi wanne jijini London waliunda chama cha wakandaji waliofunzwa, kwa sababu wakati huo neno masaji lilikuwa limechafuka: nyumba za ukahaba zilijificha nyuma yake. Walitaka watu wajue tofauti. Heshima yenyewe ilikuja kwa vita. Vita Kuu ya kwanza ilirudisha maelfu ya vijana wenye viungo vilivyokakamaa, na kisu cha daktari peke yake hakikutosha. Lazima mtu awafundishe kutembea tena.

Vita hivyo hivyo vilifika kwetu. Septemba 1914 Wajerumani waliingia mji wa Kisii, Waingereza wakawafuata, wakapigana milimani hapa, na Wagusii wakaona nafasi wakaupora mji. Adhabu waliyopewa baadaye ilikuwa kali. Hospitali kubwa ya Kisii, hii ya rufaa tunayoijua leo, ilianza 1916 kuhudumia wanajeshi. Nikipita getini huwa nawaza wale wapagazi wa Carrier Corps, waliobeba risasi na unga kwa mgongo hadi Tanganyika. Nani aliwanyoosha migongo waliporudi? Sijaona kitabu kinachowataja. Labda waliishia kwa mtu kama aliyemtibu Sokoro.

Basi nikaenda. Nilitegemea mashine. Siku ya kwanza ilikuwa maswali: uliumia vipi, ngazi unapanda, choo cha shimo unachuchumaa? (Hilo la choo ndilo lililonifanya nimwamini.) Akapima goti kwa kifaa kama rula mbili zilizounganishwa: nyuzi 60. Goti zima hukunja karibu 135. Kisha akanipa kazi ya kufanya nyumbani mara tatu kwa siku: kaza paja, hesabu tano, achia, vuta kisigino taratibu kwa shuka.

Hakuna aliyeniambia mapema kwamba sehemu kubwa ya tiba ni wewe mwenyewe. Yeye anakanda, anaweka joto, anasukuma kiungo mpaka unauma meno, lakini nusu saa kwa wiki haishindi siku sita za kukaa. Misuli isiyotumika huisha haraka na hurudi polepole. Kesho yake utaumwa. Hayo ni kawaida. Maumivu makali yanayozidi au uvimbe, sema, usijikaze kiume. Na muulize mtu anayekushika kama amesajiliwa, kwa maana tangu sheria ya 2014 kuna Baraza la Wanafiziotherapia, na kibao cha mlangoni hakitoshi.

Wiki ya tatu nilikuwa nyuzi 75, nikalia garini. Wiki ya sita, 90. Niliruka wiki mbili kwa kukosa nauli na ada, nikarudi 80. Hiyo iliniuma kuliko boda.

Sasa niko 118. Natoka na magokoro kuchuma chai, mistari miwili tu, kisha nakaa. Mama bado anasema mzee wake angemaliza kwa siku moja.

Sokoro ndiye msimamizi wangu wa jioni. Anakaa kwenye kiti chake, mkono juu ya lile bonde lake, ananihesabia kwa Ekegusii: emo, ibere, isato. Akifika kumi na kitu anapotea, akiangalia ng'ombe wa jirani, halafu anasema hajaridhika, tuanze tena emo.