DNS ni nini, na inawekwaje kwenye ruta ya nyumbani

Ukiandika ura.go.ug ukiwa Rwekubo au Mbarara mjini, kompyuta huuliza kwanza seva ya majina, yaani DNS, ipewe anwani ya tarakimu. Bando lipo, mawimbi yapo, ila hakuna tovuti inayofunguka? Huenda kasoro iko hapo. Ingia kwenye ruta (mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1), kwenye DNS andika 8.8.8.8 na 1.1.1.1, uhifadhi.

Badilisha pia nywila ya ruta. Hili wengi hulipuuza. Genge la DNSChanger, lililokamatwa mwaka 2011, lilibadili tarakimu hizo katika kompyuta zipatazo milioni 4. Mwenye mzigo forodhani anaweza kuandika jina sahihi akafikishwa tovuti bandia. Kivinjari kikikuonya kuhusu cheti, usiingize nywila.