Bunduki Nyepesi na Bunduki Nzito: Historia ya Uchaguzi wa Silaha za Kuwindia Wanyama Wakubwa Afrika Mashariki, 1890–1939

Ikisiri

Kati ya mwaka 1890 na 1939, wawindaji waliotoka Ulaya na Marekani kuja Afrika Mashariki walibishana kwa muda mrefu kuhusu jozi ya bunduki inayofaa kwa tembo, kifaru, nyati na simba. Kwa kawaida jozi hiyo ilikuwa bunduki moja nyepesi na nyingine nzito. Makala hii inafuatilia mjadala huo kwa kuzingatia mabadiliko ya baruti, mazingira ya uwindaji, kazi ya mbeba bunduki na sheria za silaha za enzi ya ukoloni. Inadai kuwa uchaguzi wa kaliba, ambao katika vitabu vya wawindaji unaonekana kuwa suala la kifundi, ulitawaliwa kwa kiasi kikubwa na swali la kisiasa: nani aruhusiwe kushika silaha ipi.

1.0 Utangulizi

Msamiati wa Kiswahili umehifadhi historia ndefu ya silaha za moto. Bunduki ya mrao iliwashwa kwa utambi, ya gumegume ilitoa cheche kwa jiwe, na gobore lilishindiliwa baruti na risasi kupitia mdomoni. Neno kaliba, ambalo hutamkwa pia kalibu, lina asili ya Kiarabu na maana yake ya msingi ni umbo la kumiminia madini yaliyoyeyushwa. Wanaetimolojia wengi hulihusisha neno hilohilo la Kiarabu na istilahi ya lugha za Ulaya inayotaja kipenyo cha kasiba. Uhusiano huo unaeleweka, kwa kuwa aliyesubu risasi zake mwenyewe alihitaji umbo linalolingana na bunduki yake. Katika makala hii, kaliba inatumika kwa maana ya kipenyo hicho.

2.0 Kutoka Baruti Nyeusi hadi Baruti Isiyo na Moshi

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, mwindaji wa tembo alitegemea baruti nyeusi. Baruti hiyo haikuweza kuipa risasi kasi kubwa, hivyo njia pekee ya kuongeza nguvu ilikuwa kuongeza uzito. Bunduki kubwa zilitajwa kwa idadi ya risasi za mviringo zinazopatikana katika ratili moja ya risasi ya madini. Bunduki ya namba 8 ilirusha risasi ya gramu 57 hivi, na ya namba 4 ilirusha ya gramu 113 hivi. Mpigaji alipata kishindo kikali begani, na wingu la moshi lilimficha mnyama wakati uleule alipohitaji kumwona.

Mwaka 1884, Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyo na moshi, na Uingereza ikapata ya kwake mwaka 1889. Matokeo yake katika uwindaji yalikuwa makubwa. Mwaka 1898 kampuni ya John Rigby ya London ilitoa risasi ya kaliba .450, yaani sehemu 450 kati ya 1,000 za inchi, yenye uzito wa gramu 31 na kasi inayozidi mita 650 kwa sekunde. Risasi iliyokuwa nyepesi kwa karibu nusu kuliko ile ya namba 8 sasa ilipenya zaidi. Wakati huohuo, bunduki za kijeshi za kaliba ndogo, kama vile Mauser ya milimita 7, zilianza kuingia mikononi mwa wawindaji. Kwa mara ya kwanza mwindaji alikuwa na nafasi halisi ya kuchagua kati ya wepesi na uzito, na hapo ndipo mjadala wa jozi ulipoanza.

3.0 Mitazamo Miwili: Bell na Sutherland

Mtazamo wa kwanza unawakilishwa na Mskoti W. D. M. Bell, aliyepewa jina la Karamojo kutokana na eneo la kaskazini-mashariki mwa Uganda alikowinda mwanzoni mwa karne ya 20. Misafara yake ilianzia Mumias, mji uliokuwa kituo cha biashara ya misafara. Bell aliua tembo zaidi ya 1,000 katika maisha yake, wengi wao kwa bunduki ya milimita 7 ambayo risasi yake ina uzito wa gramu 11 hivi. Siri yake haikuwa nguvu ya silaha. Alipasua mafuvu ya tembo ili ajue ubongo umelala wapi na unafikiwaje kutoka kila upande. Alitumia risasi zenye ganda gumu, nyembamba na ndefu, ambazo hazikupinda wala kutawanyika zilipokutana na mfupa. Bunduki nyepesi haikumchosha katika mwendo wa siku nzima, na kishindo chake kidogo hakikuvuruga shabaha.

Mtazamo wa pili unaonekana kwa James Sutherland, aliyewinda kwa miaka mingi kusini mwa Afrika Mashariki ya Wajerumani, na ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1912. Sutherland alipendelea jozi ya kaliba .577 na .318. Bunduki ya kwanza, yenye mitutu miwili, ilirusha risasi ya gramu 48 hivi. Ya pili ilirusha ya gramu 16 na ilifaa kwa mwendo mrefu na shabaha ya mbali. Thamani ya mitutu miwili ilikuwa katika risasi ya pili: kila mtutu ulikuwa na mtambo wake, hivyo mpigaji hakuhitaji kuvuta komeo wala kuondoa jicho kwenye shabaha. Kwa upande mwingine, bunduki za aina hiyo zilikuwa ghali, kwa sababu fundi alipaswa kuioanisha mitutu kwa mkono mpaka yote miwili ipige mahali pamoja.

Mitazamo hii hukinzana kwa nadharia kuliko kwa vitendo. Nyanda za Karamoja zilikuwa wazi kwa sehemu kubwa, na mwindaji aliweza kusubiri mpaka tembo ageuze kichwa. Katika kichaka kizito, mnyama huonekana akiwa umbali wa hatua chache, mara nyingi sehemu tu ya mwili wake, na huenda tayari anakuja. Huko, risasi isiyofika kwenye ubongo inapaswa angalau kumsimamisha. Waliomwiga Bell kwa kuchukua bunduki yake bila kuchukua elimu yake ya mafuvu waliacha tembo majeruhi porini, na aliyelipa gharama ya tembo majeruhi mara nyingi alikuwa mwanakijiji aliyekutana naye baadaye njiani.

4.0 Mbeba Bunduki

Jozi ya bunduki ilihitaji jozi ya watu. Mwindaji alishika bunduki moja, na nyingine ilibebwa na mtu aliyemfuata kwa karibu. Mbeba bunduki alipaswa kujua silaha imejazwa risasi ya ganda gumu au ya ncha laini, kuitoa kitako kikitangulia, na kusimama imara wakati mnyama anashambulia huku yeye mwenyewe akiwa hana ruhusa ya kufyatua. Bila mtu huyo, jozi ilibaki bunduki moja.

Theodore Roosevelt, aliyetua Mombasa Aprili 1909 na kumaliza safari yake Khartoum Machi 1910 baada ya kupita Uganda na Lado, alikuja na bunduki kadhaa, zikiwemo Springfield ya kijeshi, Winchester ya kaliba .405 na bunduki ya Holland & Holland yenye mitutu miwili. Kitabu chake kinawataja wabeba bunduki kwa majina, jambo ambalo waandishi wengine wengi hawakulifanya. Hata hivyo, maelezo ya kaliba katika vitabu vya enzi hiyo ni mengi kuliko maelezo ya watu waliozibeba.

5.0 Kaliba na Sheria

Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, uliolenga kukomesha biashara ya watumwa, uliwekea pia mipaka uingizaji wa silaha kati ya latitudo ya 20 kaskazini na ya 22 kusini. Biashara ya kawaida iliruhusiwa kwa bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya kasiba, pamoja na baruti ya kawaida. Bunduki za kisasa ziliwezekana kwa vibali maalumu, wakiwemo wasafiri wenye tamko la serikali zao. Kwa hiyo, wakati mwindaji mgeni alipokuwa akipima wepesi na uzito, Mwafrika wa kawaida alichaguliwa na sheria: gobore. Mbeba bunduki alibeba kutwa nzima silaha ambayo kwa kawaida hakuweza kuimiliki. Wawindaji wa jadi, kama Wakamba na Wata wa nyuma ya pwani ya Kenya waliowinda tembo kwa uta na mishale ya sumu, nao walijikuta wakiitwa wahalifu.

Hofu hiyohiyo iliunda hata nusu nzito ya jozi. Mwaka 1907 serikali ya Uingereza ilipiga marufuku kaliba .450 nchini India na Sudani, ikihofia kwamba risasi zake zingetumika katika bunduki za kijeshi aina ya Martini-Henry zilizokuwa mikononi mwa waasi. Watengenezaji wakalazimika kubuni mbadala, zikiwemo .465, .470 na .475. Kwa uwezo, hazikutofautiana sana na ile iliyokatazwa. Mwindaji aliyejisifu Nairobi kwa .470 yake alikuwa amebeba, pengine bila kujua, matokeo ya hofu ya dola dhidi ya raia zake.

6.0 Hitimisho

Mwaka 1912 Holland & Holland ilitoa kaliba .375, ambayo risasi yake ya gramu 19 iliziba pengo kati ya nyepesi na nzito. Baadaye ikawa kipimo cha chini cha kisheria kwa wanyama hatari katika nchi kadhaa za Afrika, ikiwemo Tanzania. Kwa hatua hiyo sheria iliukataa mtazamo wa Bell, kwa kuwa haiwezi kudhani kila mwindaji amesoma fuvu la tembo. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wote wa michezo mwaka 1977.

Historia hii inaonyesha kuwa jozi ya bunduki ilikuwa pia jozi ya haki: ya kuchagua kwa mmoja na ya kubeba kwa mwingine. Makala inapendekeza mambo mawili. Kwanza, watunzi wa kamusi wakusanye istilahi za silaha na uwindaji kutoka kwa wazee wa Karamoja, Mumias, Ukambani na kusini mwa Tanzania kabla hazijapotea. Pili, watafiti wa historia wavisome upya vitabu vya wawindaji kwa kumfuatilia mtu aliyesimama hatua moja nyuma ya mwandishi, akiwa ameshika bunduki nzito.