Babu wa Gatete katika Vitabu vya Wengine

Mtu wa Gatete, huku Rumonge kwenye ufuko wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, akianza kumtafuta babu wa babu yake, kinachomkwamisha kwanza ni jina. Mrundi kwa desturi harithi jina la ukoo. Kila mtoto hupewa lake, kulingana na siku aliyozaliwa, shida iliyokuwapo nyumbani au shukrani ya wazazi, hata ndugu watano wa tumbo moja wakawa na majina matano yasiyofanana, na baba yao akawa na la sita. Anayepekua rejista akifuata jina moja atapotea kwenye kizazi cha kwanza tu.

Lakini jina hilohilo linaweza kumsaidia. Nyandwi ni mtoto wa saba, Minani wa nane, Nyabenda wa tisa, Bucumi wa kumi; Bukuru na Butoyi ni pacha. Ukimkuta Minani kwenye karatasi ya mwaka 1938, umeshajua kwamba mama yake alizaa watoto saba kabla yake, na kwamba wapo kaka na dada wa kuulizia, hata kama wengine walizikwa wangali wachanga. Waislamu wa ufukweni wana utaratibu mwingine: mtu hufuatisha jina la baba na la babu, na mstari mmoja wa karani hubeba vizazi vitatu. Tatizo lao ni pale mzee wa kwanza aliposilimu. Jina la nyuma liliachwa mlimani alikotoka, na bila shangazi wa kulikumbuka, nasaba inaishia mlangoni pa msikiti.

Miaka nayo haikuhesabiwa kwa kalenda. Wazee husema fulani alizaliwa enzi za Mwezi Gisabo, yaani kabla ya 1908, au Mutaga alipokuwa mwami (mfalme), yaani kati ya 1908 na 1915, au kwamba alioa mwaka wa njaa ya Manori, 1943 na 1944. Huo ni ushahidi mzuri kuliko watu wanavyodhani. Karani wa Kibelgiji alikadiria umri kwa kumtazama mtu usoni. Mama aliyezaa wakati wa njaa hakukadiria.

Maandishi ya kwanza kuhusu watu wa Rumonge yaliandikwa na wageni waliokuja kwa maji. Ujiji ilikuwa ndiyo soko la ziwa lote. Mwinyi Heri alikuwa mkubwa wa mji huo, na baada yake nguvu zikamwangukia Muhammad bin Khalfan al-Barwani, ambaye watu walimwita Rumaliza. Mitumbwi ya Ujiji ilipanda kaskazini ikifuata ukingo, ikinunua pembe, chumvi, mawese na watu. Mapadri Weupe wa Kadinali Lavigerie walifika nao, wakafungua misheni Rumonge mwaka 1879. Haikudumu. Tarehe 4 Mei 1881 padri Deniaud, padri Augier na msaidizi wao d'Hoop waliuawa hapo, katika ugomvi uliotokana na mtoto aliyekuwa chini ya ulinzi wa misheni.

Mtoto huyo ndiye ninayemfikiria zaidi ya wote. Wazungu watatu wana majina, nchi walizotoka na tarehe ya kufa. Yeye, ambaye kwa ajili yake damu ilimwagika, ni wa hapa, na yamkini ana ndugu waliobaki ambao wajukuu wao bado wanalima pembezoni mwa ziwa. Mapadri walikuwa na amri ya kuandika shajara ya kila siku katika kila kituo, na shajara hizo pamoja na barua zao zimetunzwa Roma. Ndani yake wamo machifu wadogo, wapiga makasia na watoto waliokombolewa sokoni Ujiji. Anayezisoma akitafuta habari za mapadri atazipata. Anayezisoma akitafuta watu wa Imbo, uwanda huu wa ufukweni, atawapata kwa shida, pembeni mwa sentensi, mara nyingi kwa sababu tu walileta samaki au walisababisha kero.

Jambo moja lisisahauliwe na wanaokwenda kuonyesha mahali misheni ilipokuwa au mitumbwi ilipofunga. Ziwa la wakati ule si hili. Maji yalikuwa juu sana hadi yalipovunja kizuizi cha mto Lukuga, upande wa Kongo, karibu na mwaka 1878, kisha yakashuka takriban mita 10 kwa miaka kama 15. Ufuko aliokanyaga babu mwaka 1875 leo unaweza kuwa shamba la michikichi.

Wakati Wajerumani walipokuwa na kituo cha kijeshi Usumbura, pwani ilikuwa inakufa. Malale ilikuwa imeingia ufukweni. Robert Koch alikuja Afrika Mashariki mwaka 1906 kuichunguza na kuijaribia dawa iitwayo atoksili, ambayo iliwapofusha baadhi ya wagonjwa. Kambi za tiba zikafunguliwa kando ya ziwa, vichaka vikafyekwa, na watu wengi wakahamishwa kutoka mwambao kupandishwa vilimani. Hapa ndipo nasaba nyingi za Imbo hukatika, na hapa ndipo panapotaka ukweli. Familia inayosema ipo ufukweni tangu enzi na enzi inaweza kuwa ilishuka kutoka Bururi au Mugamba baada ya hofu ya malale kupungua, ikakuta mahame ya watu wengine. Hilo haliiondolei haki yake. Lakini mwenye kuandika tarehe ya ukoo wake akiruka miaka hiyo, atamfanya babu yake awe mwenyeji wa mahali ambapo, kwa kipindi fulani, karibu hapakuwa na mtu.

Kisha wakaja Wabelgiji, mwaka 1916, na ndio walioandika kuliko wote. Mwanamume mzima alipewa kitabu cha kitambulisho, na ndani yake mkawa na chifu, chifu mdogo, kilima na mihuri ya kodi. Mihuri isomwe mmoja mmoja. Miaka mitatu isiyo na muhuri haimaanishi kwamba babu alikuwa mkaidi. Mara nyingi inamaanisha alivuka mpaka. Maelfu ya Warundi walikwenda Uganda kulima pamba na kahawa za watu, na wengine Tanganyika kwenye mkonge, kutafuta fedha ya kodi hiyohiyo na kukimbia kazi za lazima. Wapo waliooa huko wakawa na nyumba ya pili. Shimo kwenye mihuri linaweza kuwa na watoto.

Rejista ya ubatizo ni hazina nyingine, hasa pambizo yake. Katikati ya ukurasa, kwa Kilatini, kuna jina la ubatizo, jina la nyumbani, baba, mama na msimamizi. Pembeni, kwa wino mwingine na mwandiko mwingine, padri aliongeza baadaye ndoa ya mtu yuleyule: mwaka, parokia na jina la mwenzi. Kanisa liliagiza hivyo ili mtu asioe mara mbili. Kwa mtafutaji, pambizo hiyo inaunganisha mtoto aliyebatizwa mlimani na bwana harusi aliyeonekana pwani miaka 20 baadaye. Na jina la msimamizi lisipuuzwe: mara nyingi ni jirani, na jirani wa wakati huo ndiye shahidi wa mpaka wa shamba.

Karatasi za serikali zinataka mtu ajue ramani za zamani. Mkoa wa Rumonge ulizaliwa mwaka 2015 tu, na mwaka 2025 ukamezwa na mkoa mpya wa Burunga. Kabla ya 2015 Rumonge ilikuwa chini ya Bururi, kwa hiyo babu ataandikwa Bururi hata kama hakuishi huko siku moja. Majalada ya Wajerumani yamegawanyika kati ya Dar es Salaam na Ujerumani. Ya Wabelgiji mengi yako Brussels.

Halafu 1972. Jioni ya Jumamosi, tarehe 29 Aprili, waasi walishambulia Rumonge na Nyanza-Lac, wakaua maofisa na Watutsi waliowakuta. Jibu la serikali ya Rais Micombero halikuishia kwa waasi. Lilienea nchi nzima, likiwafuata Wahutu, kwanza waliosoma: walimu, makarani, wanafunzi, wafanyabiashara. Makadirio ya waliouawa huanzia 100,000 na kwenda hadi 300,000. Watu walichukuliwa kwa orodha. Kwa hiyo maandishi yaleyale yaliyomtambulisha mtu, kituo cha kazi, darasa, kilima, ndiyo yaliyomfikisha kwa muuaji, na ndiyo maana familia nyingi zilichoma vyeti vyao wenyewe. Simlaumu mzee yeyote anayenyamaza akiulizwa karatasi.

Waliopata mtumbwi walivuka kwenda Fizi na Uvira, upande wa Kongo, au kushuka Kigoma. Tanzania iliwapeleka wengi Ulyankulu, kisha Katumba, na tangu 1978 Mishamo. Huko babu akaandikwa upya: namba ya kijiji, kiwanja, kadi ya mgao, shule ya watoto. Waliobaki mjini Kigoma walifanya kinyume. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki, aliyeishi nao katikati ya miaka ya 1980 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1995, alionyesha jinsi wengi walivyojichanganya, wakajiita Waha au watu wa ziwani, wakachukua majina yasiyouliza maswali. Mjukuu wa mtu wa aina hiyo atafute majina mawili, pengine matatu, kwa mtu mmoja.

Nyuma yao, mashamba yaligawiwa. Michikichi ya Rumonge ni mali inayozaa miaka mingi, na hakuna aliyeiacha isimame bila mwenyewe. Sheria ya ardhi ya 1986 ikampa haki aliyekaa kwenye kiwanja miaka 30 bila kupingwa, wakati waliopaswa kupinga walikuwa ng'ambo ya maji. Wakimbizi waliporudi, hasa kuanzia 2008, walikuta wengine wamezaa na kuzika hapo. Tume ya Ardhi na Mali Nyingine, iliyoundwa 2006, kwanza ilielekea kugawa nusu kwa nusu, na baadaye, chini ya uongozi mwingine, kumrudishia aliyefukuzwa mali yake yote. Mbele ya tume hiyo nasaba haikuwa mapambo. Mtu alitakiwa aeleze baba alikuwa nani, kaburi la bibi liko upande gani, mchikichi upi wa mpakani ulipandwa na nani, na Bashingantahe gani, wazee waamuzi wa jirani, walikuwapo.

Tume ya Ukweli na Maridhiano nayo ilipewa kipindi kinachoanzia 1885. Mwanzoni mwa 2020, huko Ruvubu mkoani Karusi, ilifukua mabaki ya watu 6,032. Baadhi walitambuliwa kwa nguo, miwani na rozari, bila karatasi yoyote.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeanza leo Gatete ni aanze na shamba na majirani, aandike alichosikia pamoja na jina la aliyesema, ndipo aende kwenye vitabu. Na asiishie upande huu wa maji. Watu zaidi ya 160,000 wa 1972 na watoto wao walichukua uraia wa Tanzania na kubaki. Katika koo nyingi, waliorudi ndio wenye kilima na makaburi, na waliobaki Katumba na Mishamo ndio wenye kadi, vyeti na wazee wanaojua mtumbwi uliwavusha usiku gani na nani aliachwa ufukweni. Nauli ya kwenda kuwauliza ni bora ilipwe mwaka huu, kwa maana aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1972 sasa anakaribia 70.